Miti ya Kigeni ya Eldoret na Kuvu Inayoisubiri

Mara mbili katika historia yake Kenya imeacha kupanda mti mkubwa wa biashara kwa sababu ya kuvu, na ni wachache wanaozikumbuka habari hizo. Mti wa kwanza ulikuwa saipresi wa Monterey, Cupressus macrocarpa, ulioletwa enzi za ukoloni kutoka pwani ya California na kupandwa kwa wingi kwenye nyanda za juu. Kuvu za jamii ya Seiridium, ambazo zamani wataalamu waliziita Monochaetia, zilipenya kwenye gome lake, zikafanya vidonda vinavyochuruzika utomvu na kulizunguka tawi mpaka likakauka. Idara ya Misitu ikauacha mti huo na kugeukia ndugu yake wa Mexico, Cupressus lusitanica, ambao nao huugua lakini una ustahimilivu zaidi.

Wa pili ulikuwa msonobari wa pwani hiyohiyo ya California, Pinus radiata. Huu ulipendwa kuliko yote, kwa maana ulikua kwa kasi ambayo kwao haikujulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ugonjwa mpya ulionekana kwenye misonobari ya Tanganyika, na karibu mwaka 1960 ukawa umeshaingia Kenya. Majani ya sindano yalipata mistari myekundu, yakafa kuanzia nchani, yakapukutika, na mti mchanga ukabaki na kishungi kidogo kileleni. Mhusika alikuwa kuvu aitwaye Dothistroma septosporum, anayetoa sumu yenye rangi nyekundu na kusambaa kwa matone ya mvua na ukungu wa asubuhi. Nyanda za juu za Kenya zina vyote viwili kwa wingi. Mtaalamu I. A. S. Gibson, aliyefanya kazi Muguga, alijaribu dawa za shaba, na zilifanya kazi. Hesabu ya gharama ndiyo iliyokataa. Mapema miaka ya 1960 Kenya ilisimamisha upandaji wa radiata, ikahamia Pinus patula, msonobari mwingine wa Mexico.

New Zealand ilipatwa na ugonjwa huohuo, ikautambua mwaka 1964, ikaamua kinyume. Uchumi wake wa mbao ulikuwa umesimama juu ya radiata peke yake, kwa hiyo ikapandisha ndege na kunyunyiza shaba juu ya misitu, na hadi leo radiata ndiyo mti wake mkuu. Kuvu ni ileile, mti ni uleule, ila mifuko ya kulipia dawa haikulingana. Nimeanza na hadithi hii kwa sababu inaeleza jambo ambalo mkazi wa Eldoret analiona kila siku bila kulijua: ua wa saipresi unaozunguka nyumba za Elgon View na misonobari inayoonekana njiani kwenda Kaptagat ni miti ya akiba. Iliingizwa uwanjani baada ya wenzake kuumia.

Idara ya misitu inaweza kubadilisha mti. Inakata shamba zima, inauza kilichouzika, inaagiza mbegu nyingine, na baada ya miaka ishirini na kitu hakuna anayekumbuka. Mji hauna nafasi hiyo. Mjakaranda wa barabarani una umri wa mtu mzima, unakipa kivuli kituo cha bodaboda, umeshikilia nyaya upande mmoja na ukuta wa mtu upande wa pili. Ukifa, haufi kimyakimya: tawi linaangukia gari. Na ukishaondolewa, shimo lake hufunikwa kwa kabro kabla ya mtu kufikiria mche.

Eldoret, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, ni mji wa miti ya kuletwa karibu kwa asili yake. Ulianzia kwenye shamba namba 64 la walowezi, ndiyo maana wazee bado wanauita Sisibo. Mikaratusi, ambayo wengi huiita bulugamu, iliingizwa Kenya mwaka 1902 ili iwe kuni za garimoshi, na reli ilipofika Eldoret mwaka 1924 miti hiyo ilikuwa imeshaenea nchini. Miwati, Acacia mearnsii ya Australia, ilikuja kwa ajili ya magome yake yenye tanini ya kutengenezea ngozi, na kwa miaka mingi kampuni ya East African Tanning Extract, maarufu kama EATEC, ilimiliki mashamba makubwa ya miwati kuuzunguka mji huu. Mgrevilea na mti wa brashi ya chupa pia vimetoka Australia, mjakaranda Amerika Kusini. Ukiondoa miti hiyo, barabara nyingi za katikati ya jiji zingebaki wazi kama uwanja wa ndege.

Kwa nini miti hii ilistawi hivi? Jibu la kawaida ni kwamba udongo wetu ni mzuri. Ni kweli, lakini nusu tu. Mti uliosafiri kama mbegu uliwaacha maadui zake nyumbani. Kuvu zilizozoea kula majani yake, wadudu waliozoea kutoboa shina lake, vyote vilibaki Australia au California. Hapa ulikuta mvua nzuri na hakuna anayeujua utamu wake. Mapumziko hayo hudumu miongo kadhaa, mara nyingine karne. Halafu maadui wanafika, mmoja baada ya mwingine, kwenye miche, kwenye mbao, kwenye vifaa, na wengine kwa upepo tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa radiata, na ndivyo inavyoendelea kwa mikaratusi. Mwaka 2016 watafiti wa Kenya, wakishirikiana na wenzao wa Zimbabwe na Afrika Kusini, walitoa ripoti ya kwanza ya kuvu Teratosphaeria gauchensis nchini. Kuvu hii hutia madoa meusi kwenye gome, yakiungana yanakuwa vidonda, na mti unatoa utomvu mwekundu unaojaa ndani ya mbao. Kwa mwenye shamba la nguzo za umeme, na Eldoret ni kitovu cha biashara hiyo, nguzo yenye mifuko ya utomvu ni hasara. Miwati nayo ina kutu yake, Uromycladium acaciae, iliyovamia mashamba ya Afrika Kusini mwaka 2013 na baadaye ikaonekana Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini. Kutu husafiri kwa upepo. Haihitaji pasipoti.

Lakini si kila kuvu hufuata mti kutoka kwao. Nyingine zilikuwa hapa tangu zamani zikiishi na miti yetu ya asili bila makelele, zikaonja mgeni, zikampenda. Mfano ulio karibu na Eldoret kuliko yote ni mnyauko wa miwati, unaosababishwa na Ceratocystis albifundus. Kuvu hii haijulikani nje ya Afrika. Imekutwa kwenye miti ya asili ya bara hili, na uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba ni mwenyeji wa huku. Mwati, mgeni wa Australia, haukuwahi kukutana nayo kabla ya kuletwa Afrika, na haukuwa na kinga. Ugonjwa umeripotiwa Afrika Kusini, Uganda, Kenya na Tanzania. Mti mchanga unaweza kufa ndani ya wiki chache. Ukilibandua gome utaona michirizi ya rangi ya kahawia iliyokolea ikipanda ndani ya mbao, na utomvu ukivuja nje.

Kitu cha kuzingatia hapa ni jinsi kuvu hiyo inavyoingia. Inahitaji jeraha. Mvua ya mawe inaweza kulifanya, na Uasin Gishu na Nandi mvua ya mawe si habari. Panga linaweza kulifanya pia. Vijidudu vidogo vinavyopenda utomvu uliochacha huvutwa na harufu ya kuvu, inayofanana na matunda yaliyoiva, na kuibeba hadi jeraha jipya. Ulaya jamaa yake wa karibu, Ceratocystis platani, aliingia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na inaaminika alisafiri ndani ya masanduku ya silaha ya Wamarekani. Tangu mwaka 2006 mifereji ya kusini mwa Ufaransa, hasa Canal du Midi, imekuwa ikipoteza miti yake ya kivuli kwa ugonjwa huo. Ilikuwa takriban 42,000 kando ya mfereji huo, na mpango wa serikali ulikuwa kuikata na kupanda upya. Moja ya njia kuu za kuueneza ni misumeno ya wakataji matawi inayotoka mti hadi mti bila kusafishwa.

Kuvu nyingine ya kienyeji ni Armillaria, anayeishi kwenye mizizi. Msitu wa asili unapokatwa, visiki hubaki ardhini vikiwa na chakula tele, na kuvu hujenga kambi ndani yake. Misonobari au michai ikipandwa hapo, mizizi yao inagusana na kisiki, na kifo kinasambaa kwa duara, mti mmoja baada ya mwingine. Wenye mashamba ya chai waligundua zamani, tangu majaribio ya Nyasaland kabla ya Vita vya Pili, kwamba ukilivua gome la mti mzingo mzima muda fulani kabla ya kuuangusha, mti huumaliza wanga ulio mizizini na kuvu hukosa riziki. Mjini kisiki huachwa tu. Kinakatwa kimo cha kiti, mtu anakalia, na miaka mitatu baadaye uyoga unaota kandokando mwake wakati wa mvua za Aprili, na mti wa jirani unaanza kupukutisha majani. Anayepita husema umezeeka.

Basi kuna kundi la tatu, na kwa maoni yangu hili ndilo la mji hasa. Ni kuvu za familia ya Botryosphaeriaceae, zikiwemo Neofusicoccum parvum na Lasiodiplodia. Hizi hazivamii. Zinaishi ndani ya mti mzima mwenye afya, kwenye gome na majani, miaka nenda miaka rudi bila dalili yoyote. Mti ukipata shida, ukame, mizizi kukatwa, joto la ukuta, jeraha, zinaamka. Matawi yanakauka kuanzia kileleni, gome linapasuka, mbao ndani zinageuka rangi kwa umbo la kabari. Jane Njuguna wa taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, aliandika tasnifu yake ya uzamivu, iliyotoka Sweden mwaka 2011, juu ya ugonjwa huu kwenye migrevilea ya wakulima wa Kenya. Kuvu hizo zilikutwa kwenye miti iliyoonekana mizima pia, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye maeneo makavu kuliko kwenye mvua ya kutosha.

Tuupeleke utafiti huo mjini. Mgrevilea uliopandwa kwenye ukingo wa shamba la kahawa una udongo laini, mboji na mvua inayoingia. Mgrevilea wa barabara yenye shughuli nyingi umezungushiwa lami na kabro hadi shinani. Mfereji wa maji machafu ulipochimbwa, nusu ya mizizi ilikatwa. Mwenye kibanda amepigilia misumari ya kutundikia maturubai, mwanasiasa amepigilia bango lake, takataka zinachomwa chini yake kila jioni, na mara moja kwa mwaka wanakuja watu wa nyaya na kukata kilele chote kwa mkupuo. Kwa kipimo cha kuvu hiyo inayosubiri, mti huo una ukame zaidi kuliko mti wa Makueni, hata kama Eldoret inapata mvua zaidi ya milimita elfu moja kwa mwaka. Nadhani miti mingi tunayoihukumu kufa kwa uzee imekufa kwa mchanganyiko huu: kuvu iliyokuwa imelala, na sisi tulioiamsha.

Si kila kukauka ni kuvu, na hapa haraka ina hatari. Mjakaranda hupukutisha majani wakati wa kiangazi na hiyo ni desturi yake tu, kabla haujatoa maua. Ua wa saipresi ukigeuka kahawia, huenda mhusika ni chawa wa saipresi, mdudu aliyeingia Kenya mwaka 1990 baada ya kuanzia Malawi mwaka 1986, akasababisha hasara kubwa mpaka nyigu mdogo wa kumtagia mayai alipoletwa. Huenda ni Seiridium, yuleyule aliyeuangusha macrocarpa. Mdudu na kuvu vinahitaji tiba tofauti, na kunyunyizia dawa ya wadudu kwenye kidonda cha kuvu ni kumwaga pesa. Mkazi anayekata ua wake kwa panga kila mwezi wakati wa mvua, akipita kutoka tawi bovu hadi zima, anafanya kazi ya kuvu bila malipo.

Kuna tishio jingine ambalo wasimamizi wa miji ya Afrika Mashariki wanapaswa kulisoma kwa makini. Afrika Kusini, mwaka 2017, katika bustani ya mimea ya Pietermaritzburg, aligunduliwa mdudu mdogo kuliko mbegu ya ufuta, Euwallacea fornicatus, aliyetoka Asia. Hali mbao. Anatoboa vishimo na kupanda ndani yake kuvu, Fusarium euwallaceae, ambayo ndiyo chakula chake na cha watoto wake. Kuvu huziba mishipa ya maji ya mti. Miti ya mitaa ya Johannesburg iliathirika vibaya, na orodha ya miti anayoishambulia ni ndefu kupita kiasi, mingi ikiwa ya kigeni, na mparachichi umo. Vielelezo vya zamani vilipochunguzwa tena, ilionekana mdudu huyo alikuwa ameshakusanywa Durban mwaka 2012. Alitoka kwenye mwati.

Anayeishi Eldoret hahitaji kuelezwa zaidi. Miwati ipo, maparachichi yamepandwa kila ua wa nyumba na wakulima wa kaunti wanayauza nje, na mji uko kwenye barabara kuu ya kutoka Mombasa hadi Malaba ambapo malori hupita usiku na mchana. Wadudu wa aina hii husafiri ndani ya mbao mbichi na kuni. Kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, ISPM 15, inataka paleti zipashwe moto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa muhuri. Angalia paleti zinazofanywa makochi na fensi mjini. Zipo zenye muhuri na zipo zisizo nao. Taasisi ya ukaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS, ndiyo yenye mamlaka mpakani, lakini mpaka ni mrefu na kuni hazina muhuri.

Hapo ndipo wengine husema: basi tung'oe miti yote ya kigeni, tupande ya asili. Naielewa jazba hiyo, hasa kwa mikaratusi iliyo kando ya mto Sosiani, ambako haifai kuwa. Lakini kama jibu la ugonjwa halitoshi. Ceratocystis na Armillaria ni wenyeji. Na kuvu iitwayo Chrysoporthe, inayojeruhi mashina ya mikaratusi barani, inaishi pia kwenye mizambarau mwitu ya kando ya mito, ile ambayo Wakalenjin huiita lamaiywet. Mikaratusi, mti wa brashi ya chupa, mpera na mzambarau ni familia moja. Kuna kutu ya familia hiyo, Austropuccinia psidii, iliyoishtua Brazil kwenye mikaratusi mwaka 1973 na kuingia Afrika Kusini mwaka 2013. Kuvu haijali nani ni mgeni. Inajali ukoo, na inajali wingi.

Wingi ndio udhaifu mkubwa wa mji huu. Mtaalamu wa miti wa Marekani, Frank Santamour, alipendekeza mwaka 1990 kwamba mji usiwe na zaidi ya asilimia 10 ya spishi moja, asilimia 20 ya jenasi moja na asilimia 30 ya familia moja. Tembea mtaa wowote wa Eldoret ukihesabu, utaona jinsi tulivyo mbali. Vitalu vya barabarani huuza kile kinachoota haraka: saipresi, grevilea, mikaratusi. Mikaratusi mingi ya siku hizi ni miche ya vipandikizi vilivyotokana na mradi wa bioteknolojia ya miti ulioanza mwaka 1997, yaani mti mmoja ulionakiliwa mara elfu. Mmoja akishindwa na kuvu, wote wameshindwa. Serikali ikiwa imetangaza mwaka 2022 azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, idadi ya miche ndiyo inayopigiwa makofi, na swali la ni miche ya aina ngapi halijibiwi kwenye hafla.

Nani basi abebe mzigo huu? Watu hupenda kuelekeza kidole Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kaunti udhibiti wa magonjwa ya mimea na wanyama, palepale kwenye orodha ya kilimo. Tangu Agosti 15, 2024 Eldoret ni jiji, la tano nchini, na jiji lina bodi yake. Hakuna haja ya maabara mpya wala kongamano. Kinachohitajika ni daftari la miti ya barabarani lenye spishi, mwaka na hali yake, sharti katika kila kandarasi ya kukata matawi kwamba msumeno usafishwe kwa jiki au spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine, kukata wakati wa kiangazi badala ya katikati ya mvua, kung'oa visiki, na kuacha mita moja ya udongo wazi kuzunguka shina. Hilo la mwisho ni la bei rahisi kuliko yote na ndilo linalopuuzwa zaidi, kwa sababu kabro inaonekana kama maendeleo.

Wewe mwenye ua wa saipresi au mparachichi unaokauka kuanzia kileleni, usiukate wote kwanza. Chukua kisu safi, kata kipande cha gome na mbao pale sehemu hai inapopakana na iliyokufa, kwa sababu kwenye sehemu iliyokufa kabisa mtaalamu atakuta kuvu za kuozesha tu. Kifunge kwa gazeti, si kwa plastiki. Andika tarehe na mtaa. Kipeleke kwa wataalamu wa misitu Chuo Kikuu cha Eldoret au kituo cha KEFRI cha Londiani siku hiyohiyo au kesho yake, na kuni za mti huo usizigawe kwa jirani kabla hujapata jibu.